Nilivyomkimbiza Baba Mkwe Mpaka Mpakani

Sitaki kujitetea. Yaliyotokea mtaani kwetu Majengo siku ile niliyaleta mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu na kwa mguu wangu wa kulia (huo mguu ndio ulioharibu zaidi, mtaona), na hadi leo nikipita sokoni Birere kuna mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, ambaye akiniona tu analala chini nyuma ya meza yake, halafu anainuka, anajipangusa vumbi, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na wateja wakimuuliza kuna nini anaanza kuwasimulia tangu mwanzo, bila huruma, na mimi nikiwa nimesimama palepale. Kwa hiyo nimeona heri nisimulie mwenyewe, maana yeye anaongeza chumvi.

Naitwa Kasereka. Nina kibanda cha kufotokopia Birere, na miaka ile kulikuwa na vitu viwili nilivyovipenda kuliko vyote. Cha kwanza ni Kavira, binti wa Muzee Paluku wa Majengo (Kavira anasema yeye si kitu, nimekubali, lakini tuendelee). Cha pili ni gari. Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, usukani uko kulia wakati nchi nzima inautaka kushoto, lakini ndani lilikuwa na injini ya turbo, na mimi mtu akinitajia turbo akili inahama. Nililipa jina la Koloneli. Kwa nini Koloneli? Kwa sababu asubuhi lilikuwa linakohoa mara tatu kabla ya kusema lolote, na kwa sababu ya ujinga, basi. Katika mji ambao makoloneli wa kweli hawajawahi kutuacha tupumue hata miezi mitatu mfululizo, mimi nilichukua cheo chao nikakibandika kwenye gari, nikawa napita nikiwaambia watu "Koloneli amelala," "Koloneli ana kiu," na nilijiona mchekeshaji mkubwa.

Sasa Muzee Paluku. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mrefu, mkimya, na alikuwa amekimbia vita mara nyingi kuliko alivyobadilisha suti. Nyuma ya mlango wake lilikaa begi jeusi lililojaa tayari: vitambulisho, vyeti vya ubatizo vya watoto, blanketi, chumvi, kiberiti na redio. Si yeye peke yake, Majengo nzima ilikuwa na mabegi nyuma ya milango, hata kwetu lilikuwepo, ukitaka kufunga mlango lazima kwanza ulisogeze kwa mguu. Lakini Muzee alilichukulia begi lake kama watu wengine wanavyochukulia shamba. Na kila kijana aliyekuja kumtaka Kavira, Muzee hakumuuliza kazi wala ukoo. Alimuuliza swali moja tu, na mimi aliniuliza nikiwa hata sijakaa vizuri kwenye kiti.

"Kijana. Siku tunakimbia, mutoto yangu utamukimbiza na nini?"

Nilifurahi! Vijana wengine walijibu kwa miguu, kwa moto (ndivyo tunavyoita pikipiki), kwa imani. Mimi nilinyoosha kidole dirishani.

"Na ile, Muzee. Iko na turbo."

Akaitazama kwa muda. "Tuone," akasema, akachukua kofia yake.

Tukaingia wote watatu, Kavira nyuma amekunja miguu, Muzee mbele ameshika goti lake, tukatoka kwa barabara ya Rutshuru. Tambarare tulikwenda vizuri mno. Turbo ikaanza kupiga mluzi, nikamwona Muzee anatikisa kichwa kwa heshima, nikaongeza, na barabara ikaanza kupanda kuelekea Kibumba, nikakanyaga mpaka mwisho ili aone sasa mambo yenyewe. Koloneli akakohoa, akakohoa tena, akatetemeka mwili mzima, akazima. Katikati ya mlima. Nyuma yetu lori la viazi linapiga honi. Muzee alishuka, akavua koti la suti, akalikunja, akampa Kavira, akaanza kusukuma. Tulipofika mahali pa kugeuzia alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye kola.

"Hii ndiyo itatukimbiza?" akaniuliza. "Hii yenyewe inaomba kukimbizwa."

Lakini hakunikataa kabisa. Alisema nije na wazee wangu baada ya wiki mbili, tuzungumze mambo ya posa, na kama siku hiyo gari litapanda mlima ule likiwa na yeye ndani, atasikiliza. Kama halitapanda, nisimpotezee muda. Kavira alinitazama kwa jicho la kusema usije ukaharibu, na mimi nikamjibu kwa jicho la kusema niachie mimi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Fundi Bahati. Gereji yake iko Birere, mabati mawili na nusu juu ya miti, na Bahati ni fundi kweli, tena alinieleza kila kitu vizuri kabisa. Nasisitiza hilo kwa sababu wako wanaomlaumu yeye. Alifungua boneti, akasikiliza, akazima, akakaa juu ya tairi.

"Papa Kasereka, turbo ni kupuliza mbabula, ile jiko ya makala. Mutu mwenye alikuuzishia hii gari alifungua turbo, sasa inapuliza nguvu sana. Lakini makala ni ile ile ya zamani. Upepo mingi, makala kidogo, moto inazimika. Gari yako haiko na ugonjwa. Iko na njaa."

Basi tukaanza kuchagua chakula. Njia ya kwanza, alisema, ni pampu mpya ya mafuta, yenye nguvu zaidi, pamoja na kifaa kidogo cha kushikilia presha ili esansi, yaani petroli, ifike kwenye injini bila kupungua. Hiyo ingetosha kupanda mlima. Njia ya pili ni kubadilisha injekteri, zile sindano zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, kuweka kubwa zaidi, lakini hapo lazima kompyuta ya gari nayo ipangwe upya. Njia ya tatu ni kuweka kiboksi cha kuidanganya kompyuta, na hiyo Bahati hakuitaka hata kuizungumzia, alisema kompyuta ikidanganywa iko siku inalipiza.

"Ju ya nini kompyuta ipangwe?" nikamuuliza.

"Kompyuta ndiyo mama mwenye kupakua. Amezoea mwiko mudogo, anapakua mara tano, sahani inajaa. Wewe umemubadilishia mwiko, umemupa mukubwa, na hukumwambia. Yeye anapakua mara tano vile vile. Chakula kinamwangika kwa meza yote."

"Na nani anaipanga?"

"Kuko mwenzetu mumoja na laptopu yake. Lakini alikimbilia Bukavu mwezi uliopita. Kukitulia atarudi. Tuweke pampu kwanza, Papa. Pampu peke yake."

Maneno ya mtu mwenye akili, sivyo? Nikaitazama hiyo pampu. Ilikuwa ndogo kama chupa ya soda, ya kijivu, na tena inazamishwa ndani ya tangi ambako hakuna mtu atakayeiona maisha yake yote. Halafu nikazitazama injekteri. Zilikuwa nne, zimetolewa kwenye gari lililopata ajali, Bahati alikuwa amezisafisha zikang'aa, na vichwa vyake vilikuwa vyekundu. Nikamwona Muzee ameinama juu ya boneti iliyofunguliwa, nikamwona ananiuliza hivi vyekundu ni nini, nikajiona namweleza.

"Weka pampu," nikasema, "na weka injekteri."

"Na kompyuta?"

"Tutaona mbele."

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonimaliza. Bahati alinitazama kwa huzuni, akakuna kichwa kwa bisibisi.

"Itapanda mulima?" nikamuuliza.

"Itapanda hata ukuta. Shida si kukanyaga. Shida ni kuinua mguu. Ukikanyaga, mafuta inaungua. Ukiinua mguu gafula, ile yenye haijaungua inakwenda kulipukia kwa bomba ya moshi. Itatoa sauti."

"Sauti gani?"

Bahati akafikiri kidogo. "Sauti," akasema.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na siku ya posa ilipofika, Jumamosi asubuhi, Koloneli alikuwa bado gereji. Tukakubaliana kwamba mimi nitatangulia na wazee wangu kwa moto, na Bahati akimaliza atanipigia simu na kulileta gari mpaka mlangoni kwa Muzee. (Simu yangu wakati huo ilikuwa na kilema chake: sikioni haikusikika kabisa, ilisikika kwa kipaza sauti tu, na ilisikika nyumba nzima. Nilikuwa nimeizoea, nikasahau kwamba wengine hawajaizoea.)

Tulipokelewa vizuri. Nyumba ilikuwa imejaa, wajomba wa Kavira ukutani, shangazi jikoni, harufu ya nyama ya mbuzi inatukuta mpaka barabarani. Mikoba na mabegi ya wageni yaliwekwa nyuma ya mlango pamoja na lile begi la Muzee. Msemaji wetu alikuwa Tantine Masika, shangazi yangu, mwanamke mwenye sauti, aliyekuja na wigi la sherehe na viatu vya kisigino kirefu kwenye begi lake jeusi, kwa sababu moto inapeperusha wigi, na mawe ya volkeno ya Majengo hayana adabu kwa viatu vya namna hiyo. Na nikumbushe hali ya wakati ule: juma zima redio ilikuwa inasema Sake hivi, Masisi vile, wakimbizi walikuwa wanaingia mjini na magodoro yao, na kila mtu akisikia mlango umepigwa na upepo alinyamaza kwanza kabla ya kuendelea kuzungumza.

Tantine akasimama, akafungua mikono.

"Wazee wetu," akasema, "siye tulikuja kwenu na amani."

Simu yangu ikalia. Nikabonyeza haraka ili inyamaze, nikabonyeza pale pa kupokea.

"Allô! Papa Kasereka!" Bahati alikuwa anapiga kelele kushinda injini. "Koloneli ameamuka!"

Chumba kizima kikanigeukia.

"Ameamuka mubaya sana! Nimetoka naye Birere, anapiga njia yote, pa! pa! pa! Watu wanatoa njia bila kuombwa! Dakika mbili tuko hapo kwa Muzee, mufungue mulango ya portail!"

Na kutoka chini kule barabarani, tukasikia wote, wazi kabisa: pa. Pa-pa. Halafu pa-pa-pa-pa.

Hapo bado ningeweza kuokoa mambo. Mtu mwenye akili angesema ni gari. Neno lenyewe ni fupi, gari. Lakini mimi niliruka nikasimama katikati ya chumba, nikainua mikono yote miwili, nikasema kwa sauti ya kuwatuliza wagonjwa:

"Musiogope! Ule ni Koloneli yangu! Ni miye nilimuita akuje hapa!"

Muzee Paluku aliinuka polepole. Sijawahi kutazamwa vile na binadamu.

"Ni wewe ulimuita?" akasema. "Kwangu?"

Na sauti ikalia tena, karibu zaidi, na ndiyo ikawa mwisho wa posa. Mjomba mmoja wa Kavira alipita dirishani na sahani mkononi bila kumwaga mchuzi. Shangazi walitoka jikoni, mmoja na sufuria, mmoja na mtoto, mmoja na mtoto ambaye nadhani si wake. Muzee alinyakua begi nyuma ya mlango, akamshika mkewe mkono, mkewe akamshika Kavira, wakatoka kama watu waliofanya mazoezi, na kweli walikuwa wamefanya. Tantine Masika, yule aliyekuja na amani, alinisukuma kifuani ili apite. Nami nitakiri jambo moja ambalo hata yule muuza sambaza halijui: na mimi nilikimbia. Nilijua ni gari, nilijua ni la kwangu, na miguu yangu ilinibeba mpaka kwenye kona ya pili kabla kichwa hakijaikumbusha.

Nikarudi. Barabara ilikuwa imejaa magodoro yanayokwenda yenyewe, maana watu walio chini yake hawakuonekana. Mbuzi wanaburutwa, watoto wanaitwa kwa majina. Na katikati ya hayo yote Bahati akatokea na Koloneli, vioo vimefungwa, anatabasamu, akasimama mbele yangu akashusha kioo.

"Papa, anapanda vizuri! Lakini watu wanakimbia nini?"

Kabla sijafungua mdomo mtu mmoja aliyekuwa anapita na cherehani kichwani akamjibu. "Masasi! Risasi! Iko nyuma yako!"

Bahati akageuka, hakuona kitu, na mtu akikimbizwa na kitu asichokiona ndipo anapokimbia zaidi. Alifungua mlango, akaacha injini inanguruma, akaondoka. Fundi aliyeweka injekteri kwa mikono yake, aliyesema mwenyewe kwamba itatoa sauti, alinipita mbio ameshika bisibisi.

Nikabaki mimi na Koloneli. Nikafikiri: Muzee ameshuka kuelekea Birere, anakwenda mpakani, akivuka leo na kulala ng'ambo akijua mimi nimewaitia wanajeshi, basi Kavira nimemkosa mpaka kiama. Lazima nimfikie. Nikaingia, nikakanyaga.

Na lazima niseme ukweli, gari lilikuwa tamu. Lilivuta kama linaitwa nyumbani. Shida ilikuwa ile ile, kuinua mguu. Nikiona watu mbele nataka kupunguza mwendo, nikipunguza tu, pa! pa-pa-pa! wote wanapiga kelele na kuongeza mbio. Nikitaka wasiogope lazima niendelee kukanyaga, na nikiendelea kukanyaga nawakaribia kama ninayetaka kuwakanyaga wao. Hakukuwa na njia ya tatu. Nilikuwa nimemwahidi Muzee Paluku kwamba siku ya kukimbia nitamkimbiza binti yake, na tazama, nilikuwa namkimbiza, yeye na baba yake na mama yake na robo ya Majengo, na nilikuwa nawakimbiza vizuri kuliko kijana yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti.

Nikatoa kichwa dirishani. "Ni injekteri!" nikapaza sauti. "Ni injekteri tu! Kubwa!"

Nikasikia neno langu linatangulia mbele, linapita kutoka kichwa hadi kichwa chini ya magodoro.

"Anasema nini?"

"Wako na injekteri!"

"Injekteri ni nini?"

"Sijui, lakini anasema ni kubwa!"

Tulipofika Birere wafanyabiashara walikuwa wameshasikia kwamba majeshi yanashuka na injekteri, silaha mpya, na meza zikawa zinafungwa kwa kishindo kila upande, na huyo mama muuza sambaza akalala chini nyuma ya meza yake, ndipo tulipojuana.

Mpakani watu walijazana mbele ya kizuizi, maana askari walikuwa wamekifunga kwanza ili waelewe kuna nini. Sikuweza kwenda mbele zaidi. Nikazima injini kwa ufunguo, nikashukuru Mungu, nikafungua mlango, na Koloneli, aliyekuwa amebakiza mafuta tumboni, akatoa pa la mwisho, kubwa kuliko yote.

Watu wote walilala. Mamia ya watu kwa mara moja, na mimi peke yangu nimesimama, nimevaa suti ya posa. Karibu na mguu wangu alikuwepo mama mmoja amelala ubavu juu ya lami, godoro liko juu yake, na mkononi ameshikilia sufuria ya maharagwe wima kabisa ili isimwagike. Ilikuwa bado inatoa mvuke. Akanitazama kutoka chini ya godoro.

"Papa, watatuua wote?" akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa. "Hii ni mara yangu ya ine mwaka huu. Maharagwe hayajaiva hata."

Niliona haya, jamani. Si haya ya kuchekwa, hiyo naijua, ni haya mbele ya ile sufuria. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa na hakika, ningesukuma gari kwenye kichochoro na kurudi nyumbani. Lakini yule mama alikuwa bado ananisubiri nijibu. Nikapanda juu ya boneti, nikapanda juu ya paa.

"Hakuna vita!" nikasema. "Ni gari! Ni hii gari yangu! Niliweka injekteri kubwa, sikupanga kompyuta, sasa nikiinua mguu inalipuka kwa bomba ya moshi! Koloneli ni jina ya gari! Muniwie radhi!"

Askari mmoja wa mpakani akaja akishika bunduki yake, akalizunguka gari, akainusa ile bomba.

"Tusikie," akasema.

"Nini?"

"Ufanye tena. Tusikie."

Nikashuka, nikawasha, nikawatangazia watu kwamba sasa italia, wasiogope, ni gari. Nikakanyaga, nikainua mguu. Pa! pa-pa-pa! Na watu wale wote, walioambiwa, waliokuwa wanatazama bomba kwa macho yao, wakainama kwa pamoja. Askari naye aliinama. Halafu wakainuka, wakatazamana, na mahali fulani nyuma mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaja kwetu kama mvua inavyovuka ziwa.

Hapo ndipo nilipomwona Muzee. Alikuwa mbele kabisa, karibu na kizuizi, amekwisha fungua begi ili awaonyeshe askari vitambulisho. Mkononi alikuwa ameshika wigi la Tantine Masika. Alikuwa amechukua begi lisilo lake, amekimbia vita na wigi na viatu vya kisigino, na sasa alikuwa anavitazama kama vitamjibu. Kavira alikaa chini palepale barabarani, miguu mitupu, anacheka mpaka hawezi kusema.

"Kasereka," akaniambia alipopata pumzi, "vita ya kweli haijawahi kunipotezea viatu yote mbili."

Wengine hawakucheka. Kuna waliotaka kunipiga, na walikuwa na haki, mpaka mama wa sambaza, aliyekuwa ametufuata kutoka Birere, akasogea mbele, ameshika kiuno.

"Musimupige. Ni yeye alitukimbiza, ni yeye ataturudisha."

Ikawa ndiyo hukumu. Siku nzima iliyobaki mimi na Koloneli tulirudisha watu Majengo, wazee, wajawazito, magodoro juu ya paa, mbuzi mmoja aliyenitapikia kiti. Bahati, aliyepatikana nyuma ya lori akiwa bado na bisibisi yake, alikaa pembeni yangu safari za mwanzo ananifundisha kuinua mguu polepole, polepole, kama unaamka kitandani usimwamshe mtoto, na hata hivyo kila baada ya mawe machache kilikuwa kinaponyoka kishindo kimoja, pa, na bibi aliyekaa nyuma ananipiga kofi la kisogo. Mabibi walibadilika, kofi lilikuwa lile lile. Yule mama wa maharagwe nilimpeleka mpaka mlangoni, nikamwashia mbabula mwenyewe.

Kwa hiyo nyinyi wenye turbo, sikieni kwa mtu aliyeumia. Anza na pampu. Ukitaka injekteri, uweke injekteri na kompyuta siku moja, na kama mtu wa kompyuta amekimbia, basi na wewe subiri mpaka arudi. Mimi zile nyekundu zilitoka Jumatatu, na nimeapa sitaweka tena kitu ndani ya injini ili mtu mwingine akitazame.

Muzee Paluku alitaka kurudishwa wa mwisho. Alikaa mbele, mkewe na Kavira nyuma, begi la Tantine magotini. Tulipita Birere, meza zimefunguliwa tena. Tulipanda kwenda Majengo, Koloneli akapanda bila kukohoa. Nikasimama mbele ya nyumba yake. Portail ilikuwa wazi kama tulivyoiacha, viti uani vimelala chali, na harufu ya ile nyama, iliyoungua kidogo, bado iko.

Alikaa anaitazama nyumba yake. Nikaanza kuomba radhi, akainua mkono ninyamaze.

"Kijana," akasema, "nimekimbia Beni, nimekimbia Butembo, nimekimbia na hapa. Leo ni mara ya kwanza nilikimbia na nikarudi kulala kwangu."

Akafungua mlango, akashuka, akanyoosha suti yake. Alipofika kwenye portail akageuka.

"Urudi siku ya Mungu, baada ya misa, na wazee wako," akasema. "Mukuje na miguu."